Kitana cha Drustika

Ninyi huja, mkalipiga picha jiwe hili, mkaenda zenu. Leo kaeni kidogo, baridi haimuui mtu aliyeshiba.

Palikuwa na zama ambapo mawe ya nchi hii ya kaskazini yalikuwa mawe tu, na ng'ombe walijikuna kwayo. Nembo zilikaa miilini. Wapikti, watu wa kale wa vilima hivi, walipigwa chale tangu utotoni: samaki, mwezi, nyoka. Mtu alipokufa, mzee wa ukoo aligusa nembo zake na kulitaja jina lake kwa sauti. Aliyetajwa hivyo aliitwa kila mwaka kwenye karamu ya mavuno, pamoja na waliotangulia. Asiyetajwa alisahauliwa. Hata hivyo nazitamani zama zile, ingawa sikuziona, maana watu walikumbukana.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukamchukua Drustika, binti pekee wa mjane Ethini. Walimtafuta hadi baharini wasimpate. Bila mwili hapakuwa na nembo ya kugusa, na mzee Nekitani hakuwa mtu wa kupindisha mila. "Maji yakimwagika hayazoleki," alimwambia mama wa watu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Ethini akamwendea Talorko, mpiga chale, akamwomba azichore nembo za bintiye kwenye jiwe hili.

Talorko alikuna kichwa. "Jiwe halitoki damu, mama Drustika. Nitajuaje kama chale imeshika?"

"Wewe piga. Itashika."

Akapiga, siku baada ya siku, mpaka samaki akatokea, na mwezi juu yake. Siku ya mavuno Ethini alimleta Nekitani, akamwomba aguse na kutaja. Mzee alilizunguka jiwe, akatikisa kichwa.

"Samaki na mwezi ni vya ukoo wetu mzima. Mwili una uso, jiwe halina. Nitajuaje kuwa huyu ni Drustika?"

Ethini hakubishana. Alifungua pindo la shuka lake, akatoa kitana na kioo cha shaba cha bintiye, akamkabidhi Talorko. "Chora na hivi, chini ya samaki."

Talorko alipomaliza, Nekitani alikitazama kile kitana kwa muda mrefu. Ni yeye aliyekuwa akimgombeza msichana yule kila asubuhi, kwamba ng'ombe wanachelewa malishoni kwa sababu ya nywele zake. Akacheka, kisha akalia mbele za watu. Akaweka kiganja juu ya jiwe baridi, akaita, "Drustika, binti Ethini, njoo ule."

Na tangu siku hiyo mawe ya nchi hii yakaanza kubeba nembo za watu, na mengi utayakuta na kitana na kioo. Wapikti wamekwisha, na lugha yao imekwenda nao. Samaki na mwezi hakuna tena awezaye kuvisoma. Lakini nimezeeka hapa nikitazama wapita njia, na kila mama anayesimama mbele ya jiwe hili na bintiye, mkono wake huenda wenyewe kwenye nywele za mtoto, ukazilaza.