Ukungu Uliotufundisha Kubisha Hodi

Mmeniuliza, mikono yetu ikiwa kwenye mahindi haya, neno hodi lilitoka wapi. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa na bibi mzaa baba, naye alikuwa mtu wa kusema jambo polepole. Endeleeni kupukuchua. Masikio hayapukuchui.

Zamani za waliowazaa waliotuzaa, katika nchi hii ya milima, mtu hakusimama uwanjani kwa mwenzake. Aliingia tu. Mvua ikimkuta njiani aliingia, harufu ya kande ikimfikia aliingia, akaketi, akaulizwa habari za kwao huku tayari anatafuna. Neno la kuombea njia halikuwapo, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba njia huombwa. Nyumba iliyofungwa mchana ilisemwa kuwa ina mgonjwa au ina bahili, na watu walipenda zaidi kusema kwamba ina bahili.

Miezi mingine yote desturi hiyo haikumdhuru mtu. Shida ilikuwa kipupwe, majira kama haya, mahindi yakishavunwa. Mnaujua ukungu wa huku. Hupanda kutoka korongoni asubuhi, na siku nyingine hukaa mpaka jua linazama bila mtu kuliona. Na nyumba za wakati ule zilifanana kama maharage ya ganda moja: mianzi, udongo, nyasi, mlango mfupi unaotazama bondeni. Kila uwanja ulikuwa na mahindi yaliyoning'inizwa kwenye miti, kila uwanja ulikuwa na kinu, na maboga yalipangwa juu ya kila paa. Ukungu ukishuka, mtu aliweza kupura maharage ya jirani nusu ya siku akidhani ni yake. Watu walicheka, wakagawana makapi, yakaisha.

Katika kijiji hicho aliishi mzee mmoja, jina lake Mwasumbi. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa na mwana mmoja, Mbonile, ambaye siku si nyingi zilizopita alikuwa ameoa binti wa ng'ambo ya mto aitwaye Gwantwa. Mzee alimjengea mwanawe nyumba kwa mikono yake, na kwa kuwa alijua kujenga nyumba ya namna moja tu, aliijenga sawasawa na yake. Hata mahali pa mafiga na mahali pa kigoda palikuwa pale pale.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana bila hilo hadithi haieleweki. Kwa watu wale, baba mkwe na mkamwana wake hawakutazamana. Hawakuketi chumba kimoja, hawakusemezana, wala mmoja hakutamka jina la mwenzake. Walipokutana njiani, mkamwana aliingia vichakani na mzee akatazama upande mwingine. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ile ikivunjwa, ndugu wa mke walikuja kumchukua binti yao, na hakuna aliyewalaumu.

Siku moja ya kipupwe Mwasumbi alirudi kutoka shamba la mbali akiwa na boga begani. Ukungu ulikuwa mzito hata hakuuona mkono wake mwenyewe ulioshika boga. Alihesabia njia kwa miguu: hapa mteremko, hapa jiwe, hapa uwanja. Akainama, akaingia mlangoni, akaweka boga chini, akanyoosha mkono akakipata kigoda pale pale kinapokaa siku zote. Ndani moshi ulikuwa mwingi kuliko ukungu wa nje. Mwanamke alikuwa ameinama nyuma ya mafiga, amempa mgongo, anachochea. Mwasumbi hakushangaa. Jirani yake, mjane aliyeitwa Bibi Sigwava, alikuwa na kawaida ya kumpitia na kumbandikia chungu.

"Umerudi mapema," alisema mwanamke, bila kugeuka.

"Mm," alijibu mzee.

Baba na mwana walikuwa na guno moja. Mwanamke alipakua maboga na maharage kwenye chano, akakisukuma kwa nyuma, macho yakimchuruzika kwa moshi, akarudi kwenye moto wake. Mzee akaanza kula. Chakula kilikuwa kitamu kuliko alichokizoea, akasema moyoni kwamba Bibi Sigwava leo ameamka vizuri.

"Nina neno," alisema mwanamke. "Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nitarudi kwa mama."

Mzee aliacha kutafuna. Mama wa Bibi Sigwava alikufa zamani.

"Juzi nilikuwa napita kwenye ukungu, karibu na kwa baba yako," aliendelea yule mwanamke. "Nikamsikia kwa masikio yangu. Anasema, huyu hajui kazi ila kula. Anasema, kwetu haleti faida, arudi kwao. Mimi nimetwanga, nimechota maji, nimefagia mpaka uwanja wa watu wengine nikidhani ni wetu. Kama hilo si kazi, basi sijui kazi ni nini."

Hapo ndipo Mwasumbi alipojua yuko wapi na yuko na nani. Bibi yangu alisema mzee yule alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akiondoka, mkamwana atageuka kumwona. Akisema neno, atamsikia. Akikaa, anazidi kusikia asiyopaswa kuyasikia. Na zaidi ya yote alikuwa anajiuliza, nilisema lini maneno hayo? Aliyatafuta kichwani asiyapate. Akavuta nguo yake akajifunika uso, akabaki vile, boga mdomoni, hamezi wala hatemi.

Wakati huo Mbonile akaingia na mzigo wa mianzi ya kujengea kihenge cha mahindi.

"Gwantwa, ukungu umenizungusha," alisema. "Nimeingia nyumba nyingine, nimeketi, nimevua viatu, ndipo nikaona watoto si wetu. Na sisi hatuna watoto."

Gwantwa aligeuka. Alimwona mumewe amesimama mlangoni, na alimwona mumewe mwingine ameketi kwenye kigoda, amejifunika nguo. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha nguo ikateleza.

Hakupiga kelele. Aliziba uso kwa viganja, akapita katikati yao, akatoka. Mbonile alipoitupa mianzi na kumfuata, uwanja ulikuwa mweupe mtupu.

"Baba, umefanya nini?" aliuliza.

"Sijui," alisema mzee. "Nimekula."

Chini ya kijiji kulikuwa na korongo, na kipupwe kilichotangulia mtu mmoja alilifuata kwenye ukungu akidhani ni njia ya kisimani, asirudi. Wote wawili walilikumbuka bila kulitaja. Mbonile akateremka upande wa korongo akiita jina la mkewe. Mzee akapanda upande wa nyumba, maana huenda Gwantwa alijificha kwa watu.

Alipoufikia uwanja wa kwanza ndipo alipogundua tatizo lake. Siku zote angeingia tu. Lakini kama Gwantwa yumo, je? Atamwona tena, aibu juu ya aibu. Basi amwite kutoka nje. Lakini jina lake halitamkwi. Mzee akasimama kwenye ukungu, mtu aliyeingia kila nyumba ya kijiji kile tangu utotoni, hajui afanye nini na miguu yake wala na mdomo wake.

Wachungaji wa huko walikuwa na neno la kusimamishia ndama anayekimbia. Halikuwa jina la mtu wala tusi. Maana yake ilikuwa simama hapo ulipo. Mwasumbi alikuwa amechunga maisha yake yote, na neno hilo ndilo lililomtoka.

"Hodi," aliita.

"Nani anayesimamisha ndama uwanjani kwangu?" iliuliza sauti ya mwanamume.

"Ni mimi, Mwasumbi."

"Basi si uingie? Nani amekufunga?"

"Siwezi kuingia mpaka nijue kama yumo."

"Nani?"

"Siwezi kumtaja."

Watu wa ndani walitazamana. Walidhani mzee amepatwa na homa. Lakini mke wa nyumba ile, ambaye naye alikuwa mkamwana wa mtu, alielewa kabla ya wengine. Akasema kwa sauti, "Baba, hapa hamna usiyepaswa kumwona. Sogea karibu."

Mzee hakusogea. Alishukuru, akaenda uwanja wa pili. "Hodi," akaita, na huko nako wakamshangaa, wakamuuliza, akaeleza kwa shida ileile, mwishowe wakamwambia karibu. Habari ikaanza kumtangulia, maana ukungu huficha watu lakini haufichi sauti. Alipofika mbele zaidi hakuulizwa tena. Aliita hodi, wakajibu karibu, akajua hayumo, akapita. Na kila aliposikia karibu moyo wake ulizidi kuwa mzito, kwa kuwa nyumba zilikuwa zinakwisha na korongo lilikuwa pale pale.

Nyumba ya Bibi Sigwava ilikuwa ya mwisho juu. Mzee alisikia mchi ukitwanga.

"Hodi," aliita.

Mchi ukanyamaza. Hakuna aliyejibu.

Akaita tena. Kimya. Alitaka kukasirika, maana alikuwa amechoka na baridi imemwingia. Kisha akafikiri. Aliye ndani amemsikia, na hajasema karibu, na hajasema ondoka. Ni nani katika kijiji hiki asiyeweza kunijibu?

Akaketi ukingoni mwa mkeka wa maharage, akaupa mlango mgongo. Karibu yake palikuwa na kinu cha zamani kilichopasuka. Kusema na mkamwana hakuruhusiwi, lakini hakuna aliyewahi kukataza kusema na kinu.

"Kinu," alisema Mwasumbi, "nimefikiri njia nzima. Juzi nilikuwa uwanjani kwangu nimeanika ulezi. Akaja kuku, si wangu, sijui wa nani, akala, akaparura, akala tena. Nikamwambia hajui kazi ila kula, arudi kwao. Kinu, nilikuwa nasema na kuku. Nimeyatafuta maneno hayo kichwani kwa sababu nilidhani niliyasema juu ya mtu. Sikuwahi kuyasema juu ya mtu."

Ukungu ulipita kati yake na ukuta. Ndani, mtu alivuta pumzi.

"Uwanja wangu hufagiwa siku nyingine na mtu nisiyemwona," aliendelea. "Nilidhani ni Sigwava. Leo nimejua."

Kisha ikaja sauti, ndogo, nayo haikuelekezwa kwake bali kwa ungo uliokuwa humo ndani. "Ungo," ilisema, "kiulize hicho kinu, mbona aliketi akasikiliza muda wote ule?"

Mzee angeweza kusema ni moshi, au ni uzee.

"Nilichanganyikiwa," alisema mwishowe. "Kwanza sikujua niko wapi. Nilipojua, sikujua nitoke vipi. Na maboga yalikuwa matamu, kinu, siwezi kukuficha."

Bibi Sigwava, aliyekuwa humo muda wote amejiziba mdomo kwa nguo ya magome ya miti asimfichue Gwantwa, alishindwa, akacheka. Gwantwa hakucheka. Alikuwa analia, lakini si kilio kile alichokimbia nacho. Alisema, "Ungo, mwambie kinu arudi nyumbani, baridi itamuua."

Mbonile aliwakuta hapo, matope mpaka magotini, sauti imemkauka kwa kuita. Aliingia kwa mkewe. Mzee hakungoja kuwaona. Alitangulia, na kwa kuwa hakutaka wamfikie kwa bahati mbaya kwenye ule weupe, aliita njia nzima: hodi, kisha hatua chache, hodi. Wao wawili wakafuata nyuma, wakipima umbali kwa sauti yake. Ikififia walisogea, ikikaribia walisimama. Ndivyo walivyofika, kila mmoja nyumbani kwake, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Ndugu wa Gwantwa walipata habari, wakaja kumchukua. Gwantwa aliwaambia amekwisha kuombwa radhi na kinu. Hawakuelewa, wakamuuliza tena, akawajibu vilevile. Wakala, wakalala, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Kijiji nacho kiligawanyika. Wako wazee waliosema neno la ndama halifai kuitwa kwenye nyumba ya mtu, kwamba anayesubiri kuruhusiwa ameifanya nyumba ya ndugu yake kuwa ya mgeni. Lakini wanawake walikuwa wameona faida ya kuitwa kwanza, kupata nafasi ya kufuta machozi, kuvuta nguo, au kujificha nyuma ya kihenge ikibidi. Aliyeingia bila kuita alianza kukuta chungu kimeepuliwa na kufichwa. Kabla kipupwe hakijaisha, hata wale wazee walikuwa wanaita. Wachuuzi wa chumvi wakalichukua neno, wakateremka nalo mpaka kwenye nchi zisizo na ukungu.

Na tangu siku hiyo, anayefika nyumbani kwa mwenzake, hata kama mlango uko wazi na anaona moto unawaka, husimama uwanjani akaita hodi. Mwenye nyumba humjibu karibu, yaani sogea, hakuna usichopaswa kukiona. Asipojibiwa huita tena. Na kukiwa kimya bado, huondoka taratibu bila kinyongo, kwa kuwa nyumba haikumfukuza. Ndani yumo mtu ambaye bado anafuta macho.