Mifuko Miwili ya Gwimo

"Mfuko usiovuja hutunza na mvua." Mmemsikia fundi wa baiskeli akisema hivyo, vijana, mkabaki mnatazamana. Mnajiandaa kwenda Kibondo kwa baiskeli, mnabishana ni mifuko gani ifungwe kwenye keria, naye badala ya kuwajibu anawapa fumbo. Basi kaeni niwaeleze msemo huo ulikotoka, maana aliyeusababisha mwenyewe hakuuelewa siku ile.

Alikuwa kijana wa Uvinza, jina lake Gwimo, kazi yake kuchemsha maji ya chumvi mpaka chumvi ibaki chunguni. Alimpenda Yusta, binti wa Mzee Bitwale wa Heru Juu, na Yusta alimpenda. Ukoo wa Bitwale ulikuwa na ada yao: mposaji alete chumvi aliyoichemsha kwa mikono yake, aifikishe mwenyewe, wazee waionje uani. Mwaka uliotangulia Gwimo aliituma kwa lori, akidhani chumvi ni chumvi. Ikarudishwa. Safari hii Bitwale alituma neno kwamba akikosea tena, binti ataolewa kwingine.

Gwimo akaona aende kwa baiskeli. Mwendo ulikuwa wa kulala njiani, kwa hiyo alihitaji mifuko miwili imara ya kuning'iniza nyuma, huku na huku. Hapo ndipo akili ilipomruka.

Muuza turubai alimwambia, "Nunua turubai, mwanangu. Linapumua. Chumvi isipopumua hutoa jasho." Gwimo akakubali. Hatua chache mbele, muuza mifuko ya mpira wa tyubu za lori akamcheka. "Turubai? Hebu tazama." Akamimina ndoo nzima ya maji ndani ya mfuko wake, akauinua juu. Halikudondoka hata tone. Gwimo akakubali tena. Akarudi kwa wa turubai, akaambiwa mpira hupasuka juani. Akaenda kwa wa mpira, akaambiwa turubai huoza mishono. Mpita njia naye akamshauri asahau yote hayo, aangalie tu kisigino kisigonge mfuko akikanyaga pedali.

Mwisho, kichwa kikimwuma, Gwimo alinunua mmoja wa turubai na mmoja wa mpira. Turubai akalifunga kushoto, mpira kulia, akaona amewashinda wote.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Ya pili mvua ilimkuta katikati ya mlima, mvua ya masika isiyojua kubembeleza, wala hapakuwa na mahali pa kujibanza. Gwimo alishuka akaanza kusukuma. Baada ya muda akashangaa: baiskeli inalalia kulia. Akainyoosha, ikalala tena. Upande wa kushoto ulizidi kuwa mwepesi, wa kulia ukazidi kumvuta shimoni. Chumvi inawezaje kuongezeka njiani? Aliupapasa mfuko wa mpira kote, hakuona tundu wala mshono uliofumuka. Akamshukuru Mungu, akasukuma.

Alifika kwa Bitwale amelowa, anatetemeka kwa baridi. Wazee walikuwa wamekwisha kuketi uani. Mfuko wa turubai ulifunguliwa kwanza. Ndani mlibaki kibonge kimoja, kadiri ya ngumi ya mtoto. Ukafunguliwa wa mpira, ukakutwa umejaa maji mpaka juu.

"Umeniletea maji?" Bitwale aliuliza.

"Ni chumvi, baba. Niliitia mwenyewe."

"Basi mfuko umetoboka."

Wakauinua, wakauzungusha. Hakuna hata tone.

"Kama maji hayatoki," Bitwale alisema polepole, "yaliingilia wapi?"

Gwimo aliinama, akaupapasa mfuko tena. Hakujua. Mfuko ule aliushuhudia kwa macho yake pale sokoni. Hofu ilimshika kweli, maana Yusta alikuwa amesimama mlangoni na machozi yameanza kumlengalenga.

"Baba, usinikatae tena," Gwimo alisema. "Mwaka jana ulisema, 'Mtu asiyeweza kubeba chumvi atabebaje mke?' Ulisema, 'Mwambieni alioe lori.' Ulisema—"

"Maneno hayo yote bado unayo?" aliuliza Bibi Skola, mama yake Bitwale.

"Yote, bibi. Sikusahau hata moja."

Bibi Skola alicheka. Akakamata mdomo wa mfuko, uliofungwa kwa kamba tu, akapitisha mkono mzima katika uwazi uliobaki. "Yaliingilia hapa, enyi wanaume. Mnatafuta tundu chini wakati mlango uko wazi juu." Kisha akachovya kidole, akaonja, uso ukamkunjamana. "Lakini chumvi imo. Ile ya turubai imekwenda na mvua. Hii imebaki pamoja na mvua yake. Leteni chungu."

Gwimo akachemsha mwenyewe, mbele ya wazee, mpaka chumvi ikarudi. Ilinuka mpira kidogo, lakini ilikuwa chumvi, na safari hii walimwona kwa macho yao akiipika. Bitwale alionja, akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali. Yusta alikimbia kuleta kuni zaidi, ingawa hazikuhitajika.

Bibi Skola alimshika Yusta mkono. "Mjukuu wangu, umepata mtu ambaye neno likimwingia halimtoki. Wema wako hataupoteza. Lakini na siku utakayomkosea ataitunza vilevile, mpaka uketi naye penye moto mvua iishe, ibaki chumvi. Unamtaka hivyo hivyo?"

"Namtaka, bibi."

Gwimo, aliyekuwa akikoleza moto kando yao, hakujua kama amesifiwa au amesemwa. Alimtazama bibi, akamtazama Yusta, akautazama mfuko.

"Mfuko usiovuja," bibi alimwambia, "hutunza na mvua."