Chupa ya Aliyenichagulia

Sogeeni, mniazime masikio. Hadithi yangu haina sungura wala zimwi. Ina chupa, na msimuliaji wake amechoka.

Kwenye hoteli yetu huku Lushoto kuna watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mpishi wetu, Namsifu, ana ulimi. Akionja mchuzi wako atakwambia kama kitunguu kilikatwa leo au jana. Bi Elinaja, mtengeneza achari, ana pua, na anajua kipi kitadumu na kipi kitachacha. Mhina, mnunuzi wetu, anajua thamani ya kila kitu, kuanzia fungu la karoti hadi gari bovu. Mimi, Shemdoe, nina funguo za stoo. Kipaji changu ni hicho tu.

Mwaka huu alikuja Mama Kihiyo, anamwoza binti yake. Alileta chupa nne za shampeni kutoka Ufaransa, zote za majina makubwa. Alitaka achaguliwe moja ya kuagizia harusi: iwe tamu, iweze kulazwa stoo hadi wajukuu wakue, na asiibiwe kwa bei.

"Nimechoka kudanganywa na lebo," alisema. "Nichagulieni."

Namsifu akaonja zote nne, kila funda akilitema kwenye ndoo ili kichwa kisimzunguke. Akaiondoa ile ya karatasi ya dhahabu. "Hii inabisha hodi kwa kishindo," alisema, "ukifungua mlango hakuna mtu." Zikabaki tatu.

Bi Elinaja hakuonja. Ameokoka, kilevi hakigusi. Alinusa glasi, akatazama povu linavyopanda, akanusa tena. Kisha akaisogeza pembeni ile ambayo Namsifu aliisifu kuliko zote. "Ulipoionja hii, mate yalikujaa mdomoni?" Namsifu akatikisa kichwa. "Basi haina ukali, mwanangu. Leo ni tamu, sikatai, lakini kisicho na ukali hakizeeki, kinaharibika tu." Zikabaki mbili.

Hizo mbili zilifanana kama pacha, ulimi na pua vikashindwa. Mhina akazinyanyua, akazigeuza, akasoma karatasi za bei. "Hii ni ghali mara mbili, na kilichozidi ni kasha la mbao na kitako kizito. Mama, kasha halinyweki." Ikabaki moja.

Harusi ikapita, wageni wakaisifu ile shampeni hadi wakachosha. Mama Kihiyo akaniachia chupa moja ya aina hiyo hiyo, na kikadi: "Kwa aliyenichagulia."

Angeandika "kwa walionichagulia", leo ningekuwa na amani. Nikampigia simu. "Mzee wangu, wewe uliwaona, utajua," akasema, akakata. Ningejuaje? Yeyote kati ya wale watatu angekosekana, Mama Kihiyo angenunua chupa isiyofaa.

Namsifu alikuja wa kwanza. Mwezi ujao anaanza kuchomwa mionzi ya koo, na daktari amemwambia huenda ladha isirudi. "Mzee, siku ile nilitema," alisema. "Nataka nimeze."

Bi Elinaja anataka ilazwe miaka kumi na miwili. "Nilisema itazidi kuwa nzuri. Ikinywewa leo, nani atajua kama nilisema kweli? Miaka thelathini nawawekea watu achari, hakuna aliyewahi kuniuliza najuaje."

Mhina anataka kuiuza. Mvua za masika zimeezua nyumba ya mama yake, naye sasa analala jikoni. "Chupa hiyo ni mabati, mzee wangu. Najua hata ni mangapi."

Nikawaambia waigawane, mimi na akili zangu. Wakakataa wote. Ikifunguliwa, hailazwi wala haiuziki. Ikilazwa, Namsifu hatakuwa na ulimi wa kuionjea, na mama yake Mhina ataendelea kulala jikoni. Ikiuzwa, ataimeza mtu ambaye hakuchagua chochote.

Wiki ya tatu hii. Kila asubuhi wananiamkia kwa adabu iliyozidi, "Shikamoo Mzee Shemdoe," macho yao yakienda kwenye mlango wa stoo, na hiyo shikamoo ndiyo inayonimaliza. Nawapenda wote watatu. Nimekula nao miaka mingi, na yeyote nitakayempa, wawili nitawapoteza.

Kesho nastaafu. Nitamkabidhi funguo mtu asiyewajua, naye ataniuliza swali moja tu: chupa hii ni ya nani?

Nyinyi hamna koo linalongoja mionzi wala mama anayelala jikoni, pengine ndiyo maana mnaweza kuona vizuri kuliko mimi. Kikadi ndicho hiki, na mwandiko wake unasomeka: aliyenichagulia, mtu mmoja. Ni yupi? Na wewe, ungekuwa na funguo hizi hadi kesho asubuhi, ungempa nani?