Vigae vya Fundi Sengulo

Kigae husema kilipolala. Mmemsikia bibi yenu leo akimkanya mtu kwa maneno hayo, nanyi mnaniuliza ni kigae gani hicho chenye mdomo. Haya kaeni, na wewe hapo zima simu. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini Kwemkole palikuwa na fundi cherehani, jina lake Sengulo. Ukoo wake ulikuwa wa wahunzi. Zamani sana, kabla ya majembe ya dukani, mababu zake waliyeyusha chuma juu ya kilima kilicho nyuma ya kijiji, na kila mvua iliponyesha ilifukua vitu vyao: vigae vya vyungu, shanga, vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto kwenda motoni. Babu yake alimpandisha huko angali mdogo, akamwonyesha mteremko wa magharibi, akamwambia, "Hapa ndipo kwetu."

Sengulo alikipenda kilima kile kuliko, Mungu anisamehe, mkewe. Jioni akishafunga kazi, huyoo, anapanda na kikapu. Akiona kigae, kikapuni. Akiona shanga, mfukoni. Nyumbani aliviosha kwa sabuni na brashi mpaka vikang'aa, vilivyovunjika akaviunga kwa gundi, kisha akavipanga kabatini kwa rangi, vyekundu huku, vyeusi kule, kama alivyopanga nyuzi zake. Mkewe, Mwanaidi, alipolalamika kwamba vyombo vyake havina pa kukaa, alijibiwa, "Mke wangu, haya ni masalia ya wazee. Nikiyaacha mvuani yatapotea." Wala hakuwa mwongo. Moyoni mwake alijua anayaokoa.

Ikaja kampuni moja inakitaka kilima. Barabara ilikuwa inajengwa, kokoto zinahitajika, nao wangekilipua chote kwa baruti. Wazee wakapinga, wakasema pale ni kwa mababu. Wakajibiwa kwamba atakuja mtaalamu wa mambo ya kale. Mahali atakapoona ushahidi kwamba watu waliishi na kufanya kazi, hapataguswa. Pengine pote, baruti.

Kijiji kizima kikamgeukia Sengulo. Naye akaota mapembe!

"Mleteni huyo mtaalamu," akasema. "Ushahidi umejaa kabatini kwangu."

Mtaalamu akaja, binti wa Kihaya aitwaye Bi. Veneranda. Akawaamkia wazee, akakaribishwa kiti, kabati likafunguliwa. Alivitazama safu kwa safu. Kisha akachukua kigae kimoja cheusi.

"Mzee wangu, hiki kilikuwa wapi?"

"Kilimani."

"Kilimani sehemu gani? Karibu na nini? Kilikuwa juu ya majivu au chini yake?"

"Mwanangu, mimi nilikiokota tu. Nani angekumbuka?"

"Na masizi yake?"

"Niliyasugua. Kilikuwa kichafu mno."

Bi. Veneranda akakirudisha taratibu. "Masizi yale yangeweza kunieleza kilipikiwa nini, na pengine zamani gani. Na ningekikuta kando ya jiko, chini ya majivu, ningejua kwamba pale mtu alikaa. Hapa kabatini, mzee wangu, kinaniambia tu kwamba unakipenda."

Mfa maji haishi kutapatapa. Asubuhi yake, wageni wangali wanakunywa chai kwa mwenyekiti, Sengulo alijaza kikapu, akapanda mteremko wa magharibi, akavitandaza vigae pale pale alipoonyeshwa na babu yake. Wageni walipofika, wa kwanza kuokota alikuwa mtu wa kampuni aliyefuatana na mtaalamu. Akakigeuza kigae juani, akaona gundi.

"Hee! Kumbe wahunzi wa kale walikuwa na gundi ya dukani!" Akacheka mpaka akashika magoti.

Bi. Veneranda hakucheka. "Mzee, nani kaviweka hapa?"

"Mimi, mwanangu. Ni vya hapa hapa, wallahi. Nimevirudisha kwao."

"Nakuamini. Lakini nikiandika hivyo, nani mwingine ataniamini? Umeokota hapa mpaka udongo umebaki mtupu, na sasa hata kitakachoonekana kitatiliwa shaka."

Sengulo akakaa chini mbele za watu, mtu mzima yule, akalia.

Aliyesema neno la maana ni Mwanaidi. "Jaribuni mashariki," alisema. "Kule hajaokota kitu. Kumejaa upupu, na mume wangu anaogopa kuwashwa kuliko anavyoniogopa mimi."

Watu wakaufyeka ule upupu, wakijikuna na kutukana. Bi. Veneranda akachimba taratibu, na chini ya udongo wakakuta tanuri la kuyeyushia chuma, mrija wa udongo ungali umechomekwa ubavuni, makaa yamelala yalivyoachwa na aliyeyachochea. Hapakuwa na la kubishana. Upande wa mashariki ukawekewa mipaka.

Magharibi ikalipuliwa. Siku ya baruti Sengulo alisimamisha cherehani, akasikiliza kwao kunageuka kokoto. Hakumlaumu mtu. "Nilikimaliza mimi kabla yao," alimwambia mkewe, "kwa kikapu."

Miezi ikapita. Jirani yake, Mamvua, alikuwa analima shamba la mihogo jembe likagonga chungu. Akaja mbio, maana ungempa Sengulo zawadi gani zaidi ya hiyo?

"Umekitoa?" Sengulo akauliza.

"Bado. Nimekuita ukitoe mwenyewe."

Akaenda. Ukingo wa chungu ulitokeza udongoni, una nakshi za kucha za mfinyanzi, mzuri kuliko vyote vya kabatini. Akachutama. Mkono ukatangulia wenyewe kama ulivyozoea. Akaurudisha, akaweka mikono yote miwili mgongoni, akaishikanisha kwa nguvu.

"Kifunike kwa majani, Mamvua. Zungushia miti mbuzi wasipite. Tumpigie simu Bi. Veneranda."

"Makubwa! Leo wewe hukitaki?"

"Nakitaka sana," alisema Sengulo, na machozi yakamlengalenga. "Ndiyo maana sikigusi. Kigae husema kilipolala."