Mwimbaji Aliyeitikiwa na Mashine

Usiamini. Nakuruhusu kabisa. Mwenye mashaka na anyooshe mkono juu, akichoka aushushe. Na wewe mwenye vyeti ndani ya bahasha ya kaki, nakujua, utasema haiwezekani kitaalamu. Mimi niliishia darasa la sita. Mimi na mwalimu wa hesabu tulikubaliana tusisumbuane tena. Lakini kwa hadithi hii hunifikii, hata uje na profesa wako mkononi. Aliyenisimulia alikuwepo, tena mbele kabisa, spika zinampepea shati.

Alikuwepo mwimbaji wa dansi mjini kwetu, anaitwa Shomvi. Akiimba mstari, nyuma yake anasimama Bi Msimu, mwanamke mwembamba wa sauti nene, anamwitikia. Huyu anaita, yule anaitika. Walifanya hivyo miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumchoka mwenzake hadharani.

Akatokea binti mmoja fundi wa programu, Tumsifu, chumba chake kiko nyuma ya saluni. Akatengeneza programu ya kompyuta, akaiita Itikia. Unaimba kipande, unakanyaga pedeli, programu inakinasa na kukirudia huku wewe unaimba kingine juu yake. Mtu mmoja anageuka bendi nzima. Usinikunjie uso, kamuulize mwanao.

Shomvi akaipenda. Watu wakaipenda kumzidi, na sababu ilikuwa moja. Mpenzi wa dansi anajua: kutajwa jina na mwimbaji katikati ya wimbo ni heshima kuliko kualikwa ikulu. Zamani alikutaja mara moja, basi, kama uko msalani imekupita. Sasa akikutaja mara moja, Itikia inakuzungusha mpaka wimbo uishe. Muuza nyama mmoja alitajwa Jumapili, Jumatatu akaacha kuamkia watu. Anasubiri aamkiwe yeye.

Waliomlilia Shomvi awataje walikuwa wengi. Yeye alikuwa akicheka na kuwaambia, "Tulia, siku yako itafika."

Tumsifu alikuwa na kundi la watumiaji kwenye simu. Aliwaambia hivi: "Mkiona pungufu, semeni, nitarekebisha." Jamani! Unamwambia binadamu aseme pungufu?

Shomvi akaanza. "Binti, mguu unaniuma kukanyaga. Inase yenyewe ikisikia sauti yangu."

Likaja toleo jipya, linanasa lenyewe. Kundi zima likaweka dole gumba.

Akarudi. "Sauti yangu siku hizi inapinda mwishoni, inyooshe. Na pumzi zangu zinasikika kama za mtu anayepanda mlima. Zikate."

Zikakatwa. Dole gumba.

Sasa sauti ya Shomvi ikawa laini kama ya kijana anayeposa. Mpiga ngoma akaambiwa apumzike nyumbani. Mpiga besi naye. Akabaki Bi Msimu.

"Dada yangu, usione nakutupa," Shomvi akamwambia. "Mashine inaniitikia, na haikohoi."

Bi Msimu alikuwa anakunja kanga yake ya jukwaani. "Haikuitikii, Shomvi. Inakurudia. Mimi ukiita, kwanza nakuangalia usoni."

"Nani aliomba kuangaliwa?"

"Haya, bwana. Siku ukiita kweli, utaitikiwa na mwangwi."

Shomvi akacheka. Hata mimi ningecheka. Mtu akiachishwa kazi ndipo anapokumbuka maneno ya hekima.

Likaja pendekezo la tatu. "Nikinyamaza kidogo, watu wanainamia simu zao. Kimya kinaniaibisha. Nikinyamaza, ijaze yenyewe. Ichukue neno langu la mwisho, ilipambe, iendelee nalo."

Safari hii Tumsifu hakuandika. Alipiga simu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, fundi. Umeshaliweka?"

"Bado. Nawaza, je, ukinyamaza kwa sababu nyingine?"

"Sababu gani?"

"Sijui, mzee. Mtu ana sababu nyingi za kunyamaza."

"Mwimbaji akinyamaza ni mate yamekauka, mwanangu. Weka."

Kundini kila mtu akaunga mkono. Mmoja akaongezea la kwake: pedeli isiweze kuizima, maana wapita jukwaani huigonga na kukatisha utamu. Izimike kwa sauti ya mwimbaji tu, akisema "basi". Na hilo Tumsifu akaliweka. Angefanyaje? Alishaahidi.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na bonanza kwenye uwanja wa reli. Saa kumi alasiri, jua linachoma, mishikaki inafuka moshi, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Jukwaani yuko Shomvi peke yake, na maiki, na kompyuta juu ya meza. Aliimba, akajiitikia, akajipigia na makofi.

Wimbo wa tatu akashika kifua.

"Nishike," akasema.

Hakuimba. Alisema. Lakini Itikia haijui kutenganisha. Ilisikia sauti yake, ikainasa. Ikainyoosha mahali ilipopinda. Ikakata kule kuhema kwake. Ikaiweka kwenye mdundo: nishike, nishike.

Uwanja ukalipuka. Wimbo mpya!

Shomvi akapiga magoti. Enzi za ujana wake alikuwa anapiga magoti hivyohivyo akifika penye utamu, na watu wazima waliomkumbuka wakapanda juu ya viti. Akaita tena, kwa sauti ndogo. Mashine ikaichukua ile ndogo, ikaifanya sauti ya pili juu ya ya kwanza. Aliyenisimulia anasema hajawahi kusikia kitu kitamu namna ile maishani mwake, na ndiyo maana hapendi kukisimulia.

"Nishike, nishike!" spika zinaita.

"Tukushike wapi?" uwanja ukaitika.

"Nishike, nishike!"

"Kiunoni au begani?" akadakia mama muuza mishikaki, na watu wakaangua kicheko, wanashikana viuno wenyewe kwa wenyewe.

Shomvi akaanguka nyuma ya meza. Akanyamaza. Kimya chake hakuna aliyekisikia, maana kilijazwa palepale, sauti tatu, kwa mpangilio mzuri. Simu zote zilikuwa juu.

Bi Msimu alikuwa nje ya ukuta, anapita na furushi la mchicha kichwani. Tangu aachishwe hakukanyaga uwanjani. Akasimama. Akasikiliza. Furushi likaanguka, na yeye akaingia anasukuma watu kwa viwiko.

"Zimeni! Zimeni hiyo mashine!"

"Mama, wivu wa nini?" kijana mmoja akamzibia njia. "Muda wako umepita, tuachie utamu wetu."

"Mmemuuliza 'wapi' mara zote hizo, amewajibu?" Bi Msimu alikuwa analia. "Namjua mimi! Huyu hajawahi kuulizwa na uwanja akaliacha swali lianguke chini! Anayeimba hapo si yeye!"

Watu walio karibu wakamcheka. Wa mbali walidhani ni sehemu ya onyesho.

Akapanda jukwaani. Akakanyaga pedeli. Mashine haikuzima, si ndivyo walivyoomba? Akapaza sauti: "Basi! Basi jamani, basi!" Mashine haikuzima, hiyo haikuwa sauti ya mwenyewe. Ndipo akaukamata waya wa spika kwa mikono miwili, akauchomoa.

Hapo sasa kimya cha Shomvi kikasikika, uwanja mzima.

Bi Msimu akamwinua, akamweka mapajani. "Umeniita, nimekuja," akasema. "Nimekushika." Mkono wa Shomvi ulikuwa bado na joto. Ila haukushika.

Kesho yake, kundi la watumiaji likaamka na ujumbe. Mtu kaandika: "Mungu amlaze pema. Ombi moja tu, fundi. Ile 'nishike' iwekwe kwenye toleo lijalo, tuitumie wote. Ni tamu sana." Madole gumba yakamiminika chini yake kama nzi.

Jioni Tumsifu akaandika swali moja: "Kati yenu, nani alikuwa karibu naye?"

Alama zikageuka buluu. Wote wamesoma. Hakuna aliyejibu. Usiku ule akafuta programu, akafuta na kundi.

Funzo: Kinachorudia sauti yako hakijakusikia. Usimfukuze anayekuitikia.

Subiri. Usiitume kwa watu bado. Kuna kipande nimekiruka.

Aliyenisimulia hayupo. Ni mimi. Nilikuwa mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye pedeli, nimevaa shati jipya. Kila Jumapili nilikuwa namlilia Shomvi anitaje, ananicheka, ananiambia siku yako itafika.

Na neno la mwisho halikuwa "nishike" peke yake. Kabla yake kulikuwa na neno jingine. Uwanja ulidhani anaimba shida za dunia. Mimi nilijua ni jina, na nilijua ni la nani. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mashaka, nishike."

Nikawageukia wenzangu. "Mmesikia? Mmesikia ninavyotajwa?" Nikanyoosha mkono juu, wanione vizuri. Sikuushusha mpaka waya ulipochomolewa.