Msimamo wa Vijiji Vitatu

Mtemi Lugwisha alikuwa ndiyo kwanza anapata nguvu, akatuma neno kwa vijiji vitatu vilivyoshikamana: keshokutwa anakuja kuchukua ng'ombe wote. Wazee watatu, mmoja wa kila kijiji, wakakaa kikao. Wa kwanza akataka vita, wa pili akataka wampe, wa tatu akasema anangoja kusikia wenzake wanasemaje.

Nyanzobe, mjane mkongwe mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, akachoka kusikiliza.

"Baba zangu, hata kunyamaza hamwezi kukubaliana?"

"Kunyamaza tunaweza," wakajibu kwa pamoja.

"Basi nyamazeni, niseme mimi."

Siku ilipofika, Lugwisha akaja na askari wake. Nyanzobe akamkabili.

"Ndiye huyu? Miguu ya korongo, tumbo la mbuzi mwenye mimba! Mama yako alikuokota wapi?"

Wazee wakanyamaza kweli, jasho likiwatoka. Mtemi akainua mkuki, lakini nyuma yake askari walikuwa wanabana vicheko. Amuue kikongwe mbele yao? Angeonekana mdogo. Akacheka kwa nguvu.

"Na wewe kibogoyo, ugali anakutafunia nani?"

Nyanzobe akapiga vigelegele. "Mmesikia wote! Nimemtukana, amecheka, amenirudishia! Huyu sasa ni mtani wetu, na watani hawashikiani mikuki!"

Askari wakashusha mikuki wenyewe. Nani angethubutu kuvunja utani?

"Karibu ule, mtani," akasema Nyanzobe, huku akimvua ngozi yake ya chui. "Hii naichukua. Usinune, ndio utani wenyewe."

Wazee wakarudi makwao, kila mmoja akisimulia jinsi walivyomshinda Lugwisha kwa msimamo wa pamoja.