Yaya Aliyetangazwa

Wamepokea wakubwa zetu kutoka kwa waliowatangulia kwamba, katika mji mmoja kando ya mto Dajla, aliishi muuza vioo aitwaye Hayyan. Alikuwa mtu wa swala na saumu, ila mkono wake ulikuwa mzito kidogo panapohusu kutoa, Mola atusamehe sisi na yeye. Mkewe, Bibi Umaima, alijifungua mtoto wa kiume, Kudama, na kwa kudra ya Mwenyezi Mungu maziwa yake yakakauka. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Akapatikana mjane mmoja, Rabab, mwenye mtoto mchanga wa kike na maziwa ya kuwatosha wawili. Sheria ya mji ule ilimtaka kila anayeajiri yaya atangaze ajira hiyo mbele ya kadhi na mashahidi wawili, na kila mwezi atie fungu katika hazina ya watumishi wagonjwa na wazee. Mashahidi walilishwa tende papo hapo, ili siku ile isiwatoke akilini. Wenye nyumba wengi walikwepa. Yaya aliingia kwa mlango wa nyuma, akapewa ujira wake kimyakimya, basi.

Hayyan naye akataka vivyo hivyo. "Mke wangu, nani atajua? Hilo fungu la hazina heri tumwongezee yeye mwenyewe."

Ajabu ni kwamba hata Rabab aliomba siri. Alikuwa akipewa unga wa mafukara msikitini, akachelea kwamba ikijulikana ana kazi, unga utakatwa.

"Bibi, nisitiri," akasema. "Ukinipeleka kwa kadhi, mimi siji."

Bibi Umaima akamtazama mwanawe, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni ila maji ya tende. Neno moja tu, na mtoto angenyonya saa ile ile. Moyo ulimuuma sana.

"Rabab, dada yangu," akasema, "unga ule ni haki ya asiye na kazi. Na wewe ukiugua humu ndani, nani atakutetea ikiwa hujatajwa popote? Utakachokosa msikitini nitakupa kutoka sahani yangu. Lakini mwanangu simlishi kwa kujificha."

Rabab akatoka. Hayyan akafoka, akasema mkewe anamuua mtoto kwa ucha Mungu wake. Bibi Umaima akatandika mswala, akawa anaomba huku akilia, amempakata Kudama.

Kabla ya adhuhuri mlango ukagongwa. Alikuwa Rabab, na bintiye kifuani.

"Twende kwa huyo kadhi wako," akasema. "Lakini kwanza nipe huyo mtoto."

Basi wakatangaza, mashahidi wakala tende, na Hayyan akalipa fungu la hazina kila mwezi akinung'unika kama mwenye jino bovu. Kudama alipoachishwa ziwa, Rabab akarejea kwa jamaa zake, mji wa mbali, na huko akafariki. Baada ya miaka, Bibi Umaima naye akaitikia wito wa Mola wake.

Kudama akakua, mtoto wa pekee, mpole, mwenye haya. Ikatokea binti yatima akahamia kwa ami yake katika mji ule, na kila mtu akawa anasifu adabu yake. Hayyan akapeleka posa kwa ajili ya mwanawe, ikakubaliwa.

Siku ya nikahi, kadhi akauliza jina la bibi harusi. Ami yake akajibu, "Najiya binti Ghalib, na mama yake ni Rabab binti Wahb."

Hayyan hakushtuka. Mwanamke yule aliishi nyumbani kwake muda wote ule, naye hakumwita ila yaya, wala jina hakuliuliza, na lile lililotajwa kwa kadhi lilimtoka zamani. Aliyeshtuka ni Mzee Habbash, mshona matandiko ya farasi.

"Subiri, Sheikh," akasema. "Kwa jina hilo mimi nililishwa tende. Huyo Rabab ndiye aliyemnyonyesha bwana harusi, na binti mchanga alikuwa naye. Hawa ni ndugu wa kunyonya, hawaoani!"

Akaitwa shahidi wa pili, naye akasema yaleyale.

Hayyan akajiinamia, machozi yakamtiririka mpaka ndevuni. "Umaima, Mola akurehemu! Nilikununia kwa ajili ya vijifedha, kumbe ulikuwa unamkinga mwanetu na haramu."

Kudama akaenda mpaka kwenye pazia la akina mama, akasimama, akasema, "Assalaamu alaykum, dada yangu." Kwa ndani kikasikika kilio, na katika kilio hicho mlikuwa na furaha.

Wapishi wakauliza kama chakula kimwagwe. "Kimwagwe?" Hayyan akasema. "Andaeni, watu wapate kula! Nilimtafutia mwanangu mke, Mola amempa dada, naye hakuwa na ndugu."

Inasemekana kwamba tangu siku ile hakuingia mtumishi nyumbani kwa Hayyan ila alimuuliza kwanza jina lake na la mama yake, kisha akampeleka kwa kadhi yeye mwenyewe, na tende za mashahidi mkononi. Nasi tumshukuru Mola kwa wale waliokataa kujificha kwa ajili yetu, tungali wachanga, hatujui kitu ila kulia.